Digrii Moja kwa Ukoo Mzima

Mume wangu aliporudi kutoka Kampala na shahada yake ya usimamizi wa biashara, ukoo wake ulichinja dume la ng'ombe katika ua wa baba yake mdogo, hapa Juba, mtaa wa Juba Na Bari. Turubai likafungwa, viti vya plastiki vikakodishwa, spika zikaletwa. Joho nalo lilikuwa la kukodi. Lile la mahafali alilirudisha chuoni siku ileile, lakini mama yake alisema hakuna mtu atakayeamini digrii bila joho, kwa hiyo akavalishwa joho la kijani la chuo kingine kabisa, akapigwa picha na kila shangazi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba kwenye moshi, tumbo limenitangulia, nasugua masufuria kwa mchanga.

Siku hiyo sikununa. Nilikuwa na furaha yangu mwenyewe. Mimi na mume wangu wote tulisoma sekondari Kenya, yeye mji wake na mimi wangu, tukaja kukutana Juba. Ndiyo maana chumbani tunaongea Kiswahili mpaka leo, na watu wa kwao wanadhani tunawasengenya, na mara nyingi ni kweli. Shuleni somo la biashara lilikuwa langu. Shahada ile ile aliyosomea yeye ndiyo niliyoitaka mimi. Lakini tulipooana yeye tayari alikuwa na barua ya kuitwa chuoni, na ukoo wake ulikuwa umekubali kuuza ng'ombe. Nani angeuza ng'ombe kwa ajili yangu? Tukakubaliana atangulie. Akishapata kazi, mimi naingia chuo cha jioni hapa hapa mjini. Alilisema hilo kwa mdomo wake, tumeketi kitandani, na mpaka leo naamini alikuwa anamaanisha.

Baba mdogo alisimama na chupa ya soda mkononi, akatoa hotuba. "Huyu si mtoto wa kaka yangu tena," akasema. "Huyu ni mtoto wetu sote. Na digrii hii ni yetu sote." Vigelegele vikapigwa. Nikadhani ni maneno ya sherehe tu, yale ambayo watu huyasema wakishashiba.

Halafu kazi ikaanza kutafutwa. Kama hujawahi kutafuta kazi Juba, nikueleze. Unakwenda kwenye mbao za matangazo, mnasukumana na vijana wenzako, kila mmoja ameinua simu anapiga picha karatasi zilizobandikwa. Unakwenda kutoa kopi za vyeti. Unanunua bahasha ya kaki. Unaipeleka kwenye lango la shirika la misaada, na pale langoni kuna sanduku, na kando ya sanduku kuna mlinzi anayekutazama kama mtu aliyekuja kutupa takataka. Unatumbukiza. Unarudi nyumbani. Bahasha hairudi, jibu haliji, na wiki inayofuata unaanza upya na kopi nyingine.

Na hii shahada ya usimamizi wa biashara ina tabu yake. Aliyesomea uuguzi anaomba kazi ya uuguzi, basi. Aliyesomea biashara anafaa kila mahali, wanasema. Fedha, manunuzi, ghala, ofisi, uajiri, usafirishaji, benki, kampuni za simu, hoteli. Mume wangu aliomba zote hizo. Kila tangazo alilisoma akaona linamtaja yeye, na kila tangazo lilikuwa limesomwa na wenzake wote waliosomea kitu hicho hicho Kampala, Nairobi, Khartoum na hapa nyumbani. Kisha chini kabisa pameandikwa: uzoefu wa miaka mitano. "Nitaupata wapi uzoefu," aliniuliza, "kama kila mtu anataka nije nao?" Nikamwambia mimi sijui, mimi ndiye niliyeambiwa nisubiri wewe upate.

Mara moja aliitwa kwenye usaili, mji mwingine. Akaazima viatu. Alirudi kabla ya kuketi mbele ya meza, kwa sababu vijana wa pale walikuwa wamesimama langoni wakisema kazi za kwao ni za watoto wa kwao. Sikuwalaumu sana. Na wao wana bahasha zao.

Baba mdogo alisema mahangaiko yote hayo ni ya nini. Yeye anamjua mkubwa fulani wizarani. Nafasi inatayarishwa. "Bukra," alisema, kesho, na kila tukimwuliza ilikuwa bukra. Jirani yetu yuko wizara hiyo hiyo. Mshahara wake ukichelewa, na unachelewa miezi, anakaa na mkewe sokoni anauza makaa, na suruali ya ofisini ameikunja mpaka magotini. Nilimwonyesha mume wangu. Akasema, "Naona, mama mtoto, naona." Lakini aliendelea kungoja, maana baba mdogo ndiye mwenye ua tunamolala.

Mimi nilikuwa nikisuka nywele. Bado nasuka. Saluni ni ya Mganda mmoja huko Gumbo, ng'ambo ya daraja, mama mnene mwenye sauti ya kukemea ambaye hajawahi kunikemea. Mtoto wangu alijifunza kukaa chini ya kiti cha wateja.

"Eh, mama mtoto," alisema siku moja, kitana kimezama kwenye nywele za mteja. "Bwana yako ile ya digri, saa hii iko anafanya nini?"

"Anatafuta kazi."

"Anatafuta wapi? Chini ya kitanda?"

Mteja akacheka mpaka nikalazimika kuanza upya mstari niliokuwa nimeugawa.

"Mimi iko na kaka yangu," akaendelea, "ule ya mayai na unga, pale barabara ya Nimule. Lori zake zinakuja kutoka kwetu. Anasumbuka, banange! Watu ya kodi, watu ya manispaa, watu ya vizuizi. Anataka mtu ya hapa, mwenye kusoma, anajua makaratasi na anajua kuongea na wakubwa. Mwambie akuje. Lakini asikuje na tai. Pale kuna vumbi."

Nilifika nyumbani nimechoka lakini miguu inataka kukimbia. Mume wangu alikwenda kesho yake bila tai. Yule bwana wa mayai akampeleka ghalani, akamwonyesha lori linalopakuliwa, trei zilizovunjika, maduka yanayokopa, leseni zilizokaribia kuisha, akamwuliza angefanya nini. Mume wangu alirudi akiongea haraka haraka, kitu nilichokuwa nimekisahau. "Yote ni mambo tuliyosoma," alisema. "Yote! Kuagiza mali, kukopesha, ushuru. Na bosi anataka nianze Jumatatu."

"Na mimi?" nikamwuliza.

"Nikishapokea, wewe unaingia chuo."

Lakini mtoto wa ukoo haanzi kazi Jumatatu kabla ukoo haujakaa. Wakakaa.

"Kwa Mganda?" mama mkwe aliuliza. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooka. "Tuliuza ng'ombe wetu ili mwanangu akawahesabie Waganda mayai?"

"Wao ndio wanaokuja kufanya kazi kwetu," baba mdogo akasema. "Sisi hatuendi kwao."

"Baba, nimekaa kwao miaka yote ya chuo," mume wangu akajibu polepole. "Nimekula chakula chao."

"Ulikula kwa pesa yetu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto begani. Nikasema, maana mimi mdomo wangu haujui kukaa, kwamba ile nafasi ya wizarani tumeingoja mpaka mtoto ameota meno, na kama kuna mtu ana nafasi nyingine aitoe hapo mkekani tuione. Mama mkwe akasema, mabinti wa siku hizi! Alichokitoa baba mdogo ndicho kilichotumaliza.

"Sawa," akasema. "Aende kwa muda, huku tukingoja nafasi yake. Lakini watu wasijue. Tutasema yuko kwenye shirika."

"Shirika gani?" nikauliza.

"Shirika tu. Hakuna atakayeuliza jina."

Na kweli hakuna aliyeuliza. Hapa kwetu mtu akisema shirika, masikio yanaishia hapo, macho yanafunguka.

Basi kila asubuhi nilipiga shati pasi ya makaa, mume wangu akalivaa, akabeba begi la kompyuta. Kompyuta haikuwemo. Ndani mlikuwa na fulana kuukuu na malapa. Anaaga ua mzima, anapanda boda, anavuka daraja, anafika ghalani, anavua shati, anavaa fulana, anaanza kupigizana kelele na madereva. Jioni anavaa shati, anarudi msafi. Alikuwa anaipenda ile kazi. Chumbani, kwa Kiswahili, alinieleza jinsi alivyoyapanga upya maduka yanayokopa, jinsi bosi alivyoacha kumfuata nyuma. Akitoka nje ya pazia anakuwa mtu wa shirika, anaongea kidogo kidogo, kama mwenye siri za wazungu.

Ghala lilikuwa likimlipa kama ghala linavyolipa. Si vibaya, ila si dola za shirika. Lakini jamaa hawakusikia ghala, walisikia shirika, na wakaja. Alikuja shangazi mwenye mguu wa kutibiwa. Walikuja wapwa wawili wa kusomeshwa. Alikuja mwanamume mmoja ambaye mpaka leo sijaelewa undugu wake unapitia wapi, akawa anaketi langoni kila asubuhi akiuliza, "Gari la shirika leo halimfuati?"

"Liko gereji," nilimjibu.

"Bado?"

"Bado."

Nasuka kutwa nzima nimesimama, navuka daraja, nafika nyumbani, napikia watu ambao majina yao najifunza wakiwa wanakula. Ugali na kudra, mboga ya majani ya kila siku. Maji nayabeba mimi. Mtoto yuko mgongoni. Mama mkwe anapokea wageni kama malkia, anawaambia mwanangu mambo yake ya ofisi ni mengi, msimsumbue, niambieni mimi.

Siku moja nilitoka saluni mapema nikapita chuoni. Karani akaniambia kuna darasa la jioni la usimamizi wa biashara, na usajili unafungwa mwisho wa mwezi. Nikamwambia mume wangu usiku huo huo. Akasema tutazungumza.

Tuliyozungumza yalikuwa haya. Jumapili baba mdogo aliwaita watu, akatangaza kwamba mdogo wa mume wangu amemaliza shule, na kaka yake atampeleka Kampala. Atasomea usimamizi wa biashara.

"Kwa nini hiyo?" nikauliza.

"Kwa sababu imeonekana," baba mdogo akasema, uso mkavu. "Imemwingiza kaka yake kwenye shirika."

Nilimtazama. Mtu huyu ndiye aliyelitunga hilo shirika, pale pale mkekani, mbele ya macho yangu, na sasa alikuwa ameliamini. Nadhani ningemwuliza jina la mkurugenzi, angenitajia.

"Na zamu yangu?" nikasema.

"Zamu ya nini?" akauliza mama mkwe.

"Ya kusoma. Tulikubaliana mimi na mwanao. Yeye kwanza, kisha mimi."

Mama mkwe hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma, alinihurumia. "Binti yangu," akasema, "digrii mumeo anayo. Nyumba moja digrii mbili za kitu kimoja, mtazipika?"

Wakacheka wote. Baba mdogo akamalizia kwamba mke, kama ni kusoma, husomeshwa na kwao. Kwetu nako nimeshauliza zamani. Kaka zangu walisema kawaulize hao waliokuoa. Kwa hiyo mimi niko katikati, huku si wa huku na kule si wa kule, ila masufuria ya pande zote mbili nayajua.

Mume wangu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Chumbani nilimgeukia. "Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi mbona pale umekuwa bubu?"

"Niwaambie nini? Watu wote pale uani wanadhani napokea pesa za shirika. Nikisema hazitoshi, wataniuliza kwa nini hazitoshi."

"Si uwaambie kwa nini."

"Mama atakufa kwa aibu."

"Hafi. Yule ana nguvu kuliko mimi na wewe tukiunganishwa."

Akalala akiangalia ukuta. Mwisho wa mwezi ukawa unakaribia.

Ibada ya kumuaga mdogo wake ilifanyika uani, Jumapili baada ya kanisa. Watu walijaa. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa ajili ya shirika, akawaombea khawaja wake wote, wale wazungu wakubwa, walio hapa na walio kwao, wazidi kumwona mtoto wetu kuwa mwaminifu. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai, nasubiri amina ya mwisho.

Amina ya mwisho ikatoka, na vijana wakasimama. Sikuwategemea. Walikuwa watatu, wa kwaya, mashati yamepigwa pasi, kila mmoja ana bahasha ya kaki. Mmoja wao, wa kike, akasema kwa heshima zote kwamba na wao wamesomea usimamizi wa biashara, wamemaliza, wako nyumbani, na wanamwomba kaka yao azibebe hizi karatasi mwenyewe mpaka ndani, zisiishie kwenye sanduku la langoni. Akampa bahasha kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo.

Na mume wangu akaipokea.

Akapokea ya pili. Akapokea ya tatu. Akazishika kifuani, anaitikia kwa kichwa kama mtu wa ofisi. Niliona zinakokwenda. Zinakwenda kwenye begi, pamoja na malapa. Yule msichana atakaa kwao akiangalia simu yake, kama sisi tulivyokaa tukiangalia ya kwetu.

Nikaliweka sinia chini.

"Hakuna shirika," nikasema.

Watu walidhani natania. Mama mkwe akasema, "Mpelekee mchungaji chai."

"Hakuna shirika, na halijawahi kuwapo. Baba mtoto anafanya kazi kwa Mganda wa mayai, Gumbo, barabara ya Nimule. Ni kazi halali. Yeye ndiye meneja pale. Anayetaka kumwona aende kesho, lakini asivae viatu vizuri. Pesa za Kampala hazipo. Za mguu wa shangazi hazipo. Na gari," nikamgeukia yule wa langoni, "halipo gereji."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Baba mdogo akaangalia saa yake, nadhani hakujua pengine pa kuangalia. Kisha shangazi mwenye mguu akasema kwa sauti kubwa, "Miezi yote hii kuna mayai, na sisi tunakula kudra?"

Kuna waliocheka. Mchungaji akacheka akajifanya anakohoa. Mume wangu hakucheka. Alizirudisha bahasha, moja moja, bila kuinua macho. Yule msichana wa kwaya alipopokea ya kwake aliinama karibu naye, akauliza kwa sauti ya chini, lakini mimi nilisikia: "Na huko kwa Mganda, wanachukua watu?"

Wageni walianza kuondoka siku hiyo hiyo. Mdogo wa mume wangu aliambiwa Kampala ni bukra. Mama mkwe aliacha kunisemesha, akawa anapitia kwa mtoto, na mtoto hata maneno hajui. "Mwambie mama yako chumvi imeisha." Nilimjibu kwa njia hiyo hiyo. Baba mdogo alisema wazi kwamba nimeuvunjia ukoo uso, na kwamba wangekuwa wamemaliza kulipa mahari yangu wangenirudisha. Hawajamaliza, na asiyemaliza hana mdomo wa kudai chochote. Nikae tu.

Mume wangu naye alinyamaza. Aliondoka asubuhi na fulana mwilini, hakuna shati tena la kupiga pasi, akarudi jioni na unga kwenye nyusi, akala, akalala. Sikuomba msamaha. Ningeomba kwa kosa lipi? Lakini kulala kando ya mtu asiyesema kunachosha kuliko kusuka.

Usiku mmoja akauliza gizani, "Usajili unafungwa lini?"

"Kesho."

"Nenda."

Sikumshukuru. Nilikuwa nimechoka mno, na tena ilikuwa haki yangu.

Sasa niko darasani jioni. Tumebanana. Jioni ya kwanza mwalimu alitutajia mahali ambapo shahada hii inaweza kutufikisha: benki, bima, kampuni za simu, wizara, viwanja vya ndege, mashirika. Wenzangu wakaandika yote. Mimi maziwa yalikuwa yamenijaa, yanauma, natazama mlango.

Wakati wa mapumziko nilitoka mpaka langoni. Alikuwepo, mtoto kwapani, viatu vyeupe kwa unga.

"Haraka," akasema. "Kuna lori linaingia."

Nikaketi kwenye ukingo wa mtaro nikamnyonyesha mtoto. Alisimama mbele yetu akitukinga na macho ya barabarani. Baada ya muda akauliza tumefundishwa nini.

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa nasinzia."

Akamchukua mtoto, akampachika begani hajamaliza hata kucheua, akasimamisha boda. Niliporudi ndani kiti changu kilikuwa kimechukuliwa. Nikaenda nyuma kabisa, nikaegemeza daftari ukutani, nikaandika nimesimama.